Mlango wa Karabina: Ninavyochagua na Kukagua Kabla ya Kupanda

Ndugu zangu wa Muheza wakisikia nakwea miti kwa starehe, huniuliza kama nimekosa kazi huku Marekani. Siwalaumu. Kwetu mtu hapandi mti bila sababu. Mkwezi anapanda mnazi kuangua, analipwa kwa kila mnazi, anashuka na kuhamia mwingine. Anapanda peku kwa vidato vilivyochongwa shinani, na akiteleza hakuna cha kumdaka. Huku Georgia mambo ni tofauti. Mwaka 1983 Peter Jenkins, mkwea miamba aliyegeukia kazi ya miti, alianzisha hapa Atlanta chama kiitwacho Tree Climbers International, akaanza kuwafundisha watu wa kawaida mbinu za kamba ambazo wakata miti walikuwa wakizitumia kazini. Tangu hapo wapo watu wanaotoka nyumbani Jumamosi asubuhi na begi la kamba, wanapanda mwaloni mita 20 juu, wanakula sandwichi yao kwenye tawi, wanashuka. Mimi ni mmojawapo. Nilianza kwa kumsindikiza mtoto wa jirani, mtoto akahamia kwenye mpira wa kikapu, mimi nikabaki mtini.

Nataka kuzungumzia kifaa kimoja tu, karabina: ile pete ya alumini au ya chuma yenye mlango wa springi na kufuli yake, inayounganisha kamba na mkanda uliouvaa kiunoni na mapajani. Watu wakianza mchezo huu huuliza kwanza kuhusu kamba, kisha kuhusu helmeti. Karabina wanaokota yoyote iliyo karibu, wanasoma namba iliyogongwa mgongoni, wanaona ni kubwa, wanaridhika. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kwa muda wote niliokwea sijaona karabina iliyokatika kwa uzito wa mtu. Nilichokiona ni milango kufunguka.

Tuanze na hiyo namba ili tumalizane nayo. Karabina ya kweli ina namba tatu na michoro midogo ya vishale: nguvu kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, nguvu kwa upana, na nguvu kwa urefu mlango ukiwa wazi. Kipimo ni kilonyutoni, na kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 102. Yangu ya kila siku inasomeka 25, 8 na 7. Mimi na vifaa vyangu hatufiki kilo 90, kwa hiyo nikining'inia kimya hata kilonyutoni moja haitimii. Namba ya kwanza, basi, ina ziada ya kutosha kunibeba mimi na ukoo mzima. Ila tazama zile mbili za mwisho. Kiwango cha Ulaya cha karabina za wapanda milima, EN 12275, kinaitaka karabina ya umbo la peasi ivumilie angalau 20 kwa urefu, lakini mlango ukiwa wazi kinaridhika na 6. Mlango usipofunga, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu imekwenda, na hapo bado hatujasema kwamba mlango ulio wazi hauhitaji kuvunjika ili ukuachie. Kamba inatoka tu.

Ndiyo maana kanuni za usalama za wakata miti wa Marekani, ANSI Z133, hazikuishia kwenye nguvu. Zinataka karabina ya kumbeba mtu ihimili pauni 5,000, yaani kilonyutoni 22 na kidogo, halafu zinataka mlango ujifunge wenyewe na ujitie kufuli wenyewe, na kufuli hiyo idai angalau vitendo viwili vya makusudi, kimoja baada ya kingine, kabla mlango haujawa tayari kufunguka. Sisi wa starehe hatubanwi na kanuni za kazi. Lakini kamba ni ile ile, matawi ni yale yale, na mvutano wa dunia haujui nani analipwa na nani anajifurahisha.

Kuna kufuli za aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ya skrubu: kuna bangili inayozunguka mlango, unaikaza kwa vidole kama nati. Ni nafuu, ni nyepesi, na wakwea miamba wanaipenda. Ya pili inajifunga yenyewe ukiuachia mlango. Kuifungua unazungusha bangili na kusukuma. Hii naiita ya hatua mbili. Ya tatu ni ya hatua tatu: unasukuma bangili juu au chini kutegemea muundo wake, unazungusha, kisha ndipo unafungua. Hii ndiyo inayotimiza vile vitendo viwili vya ANSI kabla ya kufungua. Zipo pia zenye kitufe kidogo cha kubonyeza kabla ya kuzungusha, nazo ni za kundi hilo hilo.

Kwa mti, mimi natumia za hatua tatu kila mahali panaponibeba, na sababu yake niliiona kwa macho.

Tulikuwa kwenye mwaloni mweupe mkubwa, mwenzetu mmoja akishuka karibu na shina. Alikuwa na karabina ya hatua mbili, nzuri tu, yenye namba kubwa. Kamba yake ilipita kwenye tawi la juu ikarudi, na mkono mmoja wa kamba ukawa unateleza mbele ya kiuno chake kila anaposhuka. Mkufunzi wetu, mzee wa maneno machache sana, alikuwa chini ameinua shingo. Ghafla akamwambia asimame, ajifunge kamba fupi kwenye shina, asiguse kingine. Yule bwana akatii bila kuelewa. Mzee akapanda hadi alipo, akaangalia, akageuza karabina, wakashuka wote. Chini akatuonyesha. Aliishika ile karabina kwa mkono mmoja kama ilivyokaa kwenye mkanda, akachukua kipande cha kamba chenye unene ule ule, kama milimita 13, akakivuta taratibu juu ya bangili. Kamba ikaing'ang'ania bangili, bangili ikazunguka. Akaendelea kuvuta, kamba ikaegemea mlango, mlango ukaingia ndani, kamba ikazama. Hakuna aliyebonyeza kitu wala kutumia nguvu. Vitendo viwili ambavyo mtu hufanya kwa vidole, kamba ilivifanya kwa mvuto mmoja. Halafu akachukua ya hatua tatu, akavuta kamba vile vile. Bangili ilitikisika ikagoma, kwa sababu hakuna aliyeiinua kwanza.

Nilirudi nyumbani nikajaribu mwenyewe mezani, na wewe ukiwa nazo zote mbili ujaribu. Ni somo la dakika chache.

Ya skrubu ina ugonjwa wake mwingine. Mtini huwi mtu wa kutulia kama kwenye mwamba. Unajisugua kwenye magome, unapita katikati ya matawi, kamba inatetemeka muda wote. Bangili ya skrubu hulegea kidogo kidogo. Ukilazimika kuitumia, ipange ili upande wa kufungia uelekee chini, mtetemo na uzito wa bangili viisukume kwenye kukaza badala ya kulegeza. Na uikague kila unapobadilisha tawi. Binafsi naiachia kazi ya kubeba mfuko wa maji.

Lakini nisizisifu za hatua tatu kupita kiasi. Zina hatari ya kukufanya uamini sauti. Unasikia "tak", unajua imefunga, unaendelea. Kumbe nyuzi ya ile kamba nyembamba ya fundo linaloshika kamba kuu imenasa kwenye pua, pale mlango unapokutana na mwili wa karabina, au kipande cha gome, au kamba ya kukazia jaketi lako, na bangili imezunguka nusu tu. Ndiyo maana siendi na sikio peke yake. Nikishaunganisha, naubana mlango kwa nguvu kuelekea ndani bila kuzungusha kitu. Usiposogea, imefunga. Ukisogea hata kidogo kuliko kawaida yake, nafungua na kuanza upya. Kazi hii huchukua muda wa kupumua mara moja, na siruhusu mazungumzo yaikatize.

Umbo nalo lina mchango. Ya duara refu hukaa mzigo katikati na hupendwa kwenye kapi. Yenye umbo la D husukuma mzigo kwenye mgongo, mbali na mlango, ndiyo maana namba zake huwa kubwa. Ya peasi ina mdomo mpana, hupokea fundo nene au vitu viwili pamoja bila kubanana. Mbele ya mkanda wangu, kwenye ile kamba fupi tunayoiita daraja, naweka ya peasi kwa sababu pana msongamano: mwisho wa kamba kuu na fundo lake. Kwenye kamba fupi ya kujifunga shinani naweka ya D, kwa kuwa huko kuna kitu kimoja tu na nataka kikae mgongoni. Ukiwa na kamba fupi yenye waya ndani, tafuta karabina ya chuma. Chuma juu ya alumini hula alumini haraka. Mahali pengine pote alumini inatosha, na kiuno chako kitakushukuru, maana ya chuma inaweza kuwa na uzito wa mara mbili au zaidi.

Jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka na mti hulifundisha kwa kirefu ni karabina kugeuka. Ukikaa kwenye tawi kula, kamba inalegea. Karabina, ambayo ilikuwa imesimama wima kwa sababu ya uzito wako, sasa inajilalia. Ukisimama na kuning'inia tena, inaweza kuwa imelala kwa upana na mlango ndio unaobeba. Ile namba ya katikati, 8, ndiyo uliyobaki nayo, na mlango umeegemezwa kwenye fundo au kwenye gome. Kwa hiyo kila ninapoondoka kwenye tawi, mkono wangu unashuka kwanza kwenye karabina kabla sijalegeza mwili. Fundo linaloibana karabina vizuri upande wa chini husaidia sana isigeuke. Na mlango naugeuza uangalie nje, mbali na shina na mbali na ule mkono wa kamba unaoteleza.

Sasa ukaguzi. Nafanya nyumbani usiku wa kuamkia siku ya kupanda, kwenye meza yenye taa, si chini ya mti watu wakiningoja. Naanza na pua: natafuta mikwaruzo mirefu, alama ya kugongwa, ncha yenye makali. Makali ya kiasi cha kukwaruza kucha yatakwaruza kamba pia. Halafu nashuka kwenye upinde wa chini na wa juu, mahali kamba inapolala. Hapo ndipo alumini inapoliwa. Kamba yenye vumbi ni msasa. Inachimba mfereji unaong'aa, na rangi ya karabina inakuwa imeondoka. Petzl, watengenezaji wa vifaa vya kukwea, kwa mfano, katika maelekezo yao wanataka karabina iachwe mfereji ukizidi kina cha milimita 1. Mimi siwi mbishi na milimita. Nikiuhisi wazi kwa kucha, napima, na ikikaribia kikomo naiondoa.

Baadaye ribiti ya bawaba, kama haichezi na kichwa chake hakijalika. Kisha mlango wenyewe. Naufungua mpaka mwisho, nauachia polepole sana kwa kuuzuia na kidole gumba. Ukiuachia kwa ghafla, hata mlango mgonjwa utajipiga ukafunga kwa kasi yake. Ukiuachia polepole, springi iliyochoka inajifichua: mlango unasita karibu na pua, unabaki na mwanya wa unene wa karatasi, na bangili haizunguki. Jaribio hili nalipenda kuliko yote. Narudia mlango ukiangalia juu, ukiangalia chini, na ukiwa ubavu.

Georgia ina maadui wawili wa springi. Mmoja ni udongo mwekundu, ambao ukiulowesha unaingia kwenye bangili na ukikauka unakuwa simenti. Ukija kutoka Muheza unaufahamu udongo wa namna hii, umekuwa ukiufua kwenye kaptura tangu shule ya msingi. Mwingine ni utomvu wa msonobari. Kiangazi ukipanda msonobari mmoja tu, siku ya pili bangili inazunguka kwa uvivu. Dawa ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mswaki wa zamani, na subira: unafungua na kufunga mlango ndani ya maji mpaka mchanga utoke. Unasuuza, unakausha kivulini, kisha unatia kilainishi kikavu kidogo kwenye bawaba na chini ya bangili, na kufuta kilichozidi. Mafuta ya kawaida yananata na kukusanya vumbi jipya. Mafundi wetu wa gereji wangeiosha kwa petroli. Usithubutu, maana kitu hicho kinakwenda kuigusa kamba ya nailoni na poliesta iliyokubeba.

Namba ya mfululizo ya kila karabina ninayo kwenye daftari, na mwaka nilioinunua. Watengenezaji wengi wanataka, zaidi ya ukaguzi wa kila unapotumia, ukaguzi wa kina angalau mara moja kila miezi 12 na mtu mwenye ujuzi. Uingereza sheria inawataka wafanyakazi wa miti wafanye hivyo kila miezi 6 kwa vifaa vinavyobeba watu. Chuma na alumini haviozi kabatini kama nyuzi zinavyochoka, kwa hiyo umri peke yake si kigezo. Kinachoua karabina ni matumizi, uchafu na kuanguka.

Juu ya kuanguka watu hubishana mpaka chai inapoa. Wapo wanaosema karabina iliyoanguka chini imepata nyufa zisizoonekana na lazima itupwe. Wapo wanaocheka. Msimamo wangu ni huu: ikianguka kwenye majani makavu kutoka kimo cha kiuno, naifanyia ukaguzi kamili na kuendelea. Ikianguka kutoka juu ya mti ikagonga jiwe au lami, sibishani na nafsi yangu kwa ajili ya dola 30. Hata kama mwili haukupasuka, mlango unaweza kuwa umepinda kiasi cha kutokutana na pua sawasawa. Na nikiikataa karabina, naikata kwa msumeno. Ukiitupa nzima, kuna mtu ataiokota jalalani akaiona bado inang'aa.

Siku hizi mwenye kunisumbua kuhusu mambo haya ni mpwa wangu. Anaongoza wageni kwenye msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na mpaka leo watafiti hawajaisha. Mmoja wao, Mjerumani, alitaka kamera zifungwe juu ya miti, mpwa wangu akajitolea. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umepata kamba?"

"Kamba amenipa mgeni. Karabina nimenunua mwenyewe, nzuri, ya bluu."

Nikamwambia anipigie picha mgongo wake. Hakukuwa na kilonyutoni wala kishale, ila maandishi madogo ya Kiingereza, nusu yamefunikwa na rangi, yakisema si ya kukwea. Ni zile za kutundikia funguo. Huku pia zinauzwa kaunta za maduka ya vifaa vya nyumba. Hazina kosa lolote zikibeba funguo. Nikamweleza kwamba hata ukiona namba, isome pamoja na jina la mtengenezaji, namba ya kiwango kama EN 362 na namba ya mfululizo, tena nunua kwa muuzaji anayejulikana: mwaka 2011 Petzl wenyewe walilazimika kutoa onyo kuhusu bidhaa bandia zilizogongwa jina na alama zao.

Nimemwekea mbili za hatua tatu na moja ya akiba kwenye begi la mtu anayekwenda Tanga. Kabla ya hapo nimemtaka akae ardhini na afanye mazoezi ya kufunga, kubana, na kuning'inia nusu mita juu ya nyasi huku mwenzake akimzunguka na kutazama kila mlango, kama tunavyofanya sisi kabla yeyote hajaruhusiwa kupanda.

"Na ile ya skrubu aliyoniachia Mjerumani?" akauliza. "Ina namba zote tatu."

"Hiyo itundikie mfuko wa vifaa."

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, mfuko huo una kamera za mamilioni. Mjerumani akisikia kwamba skrubu inalegea atanifukuza kazi."

Basi nikamwambia aipange upande wa kufungia uelekee chini, aikaze kwa mkono, asiikaze kwa koleo, na aishike tena kila anapofika tawi jipya.